Nusu Dakika Mbele ya Mama Mkwe

Mimi ni mchezaji wa kulipwa. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu pale zahanati, kila nikiulizwa kazi yangu na nikasema hivyo, muuguzi hunitazama kuanzia kandambili mpaka mvi, kisha anajaza "mkulima". Sina shamba. Nina mihogo kidogo nyuma ya choo, na hiyo nayo ni ya mke wangu. Lakini ukisema hapa Ujiji kwamba unalipwa kwa kurusha visahani vya plastiki kwenye kikapu cha chuma, watu hawakubishii. Wanakuonea huruma, na mimi ubishi nauweza, huruma siiwezi.

Mchezo wenyewe nitaueleza mara moja tu, nimechoka kuueleza. Kikapu kimesimama juu ya mguu wa chuma, usawa wa kifua, na juu yake inaning'inia minyororo. Wewe uko mbali huku. Unarusha kisahani, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kigonge minyororo na kudondokea kikapuni. Kisha unahamia kikapu kingine. Mwisho wa yote, aliyerusha mara chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Basi. Hakuna mbio, hakuna goli, hakuna kipa wa kutukanwa. Ndiyo maana hakuna watazamaji.

Nilifikaje huko, mtu wa darasa la nne, tena kwa umri ambao wenzangu wanabeba wajukuu? Nilifikishwa. Na walionifikisha nitawataja mmoja mmoja. Majina yao ya kuitiwa msikitini na kanisani nayaacha, nina watoto wanaoishi mji huuhuu. Ila kwa kazi zao nitawataja, na wakisoma watajijua. Wasiosoma watasomewa na majirani, na majirani wataona raha.

Wa kwanza ni mwenye mitumbwi.

Nilikuwa mvuvi wa dagaa. Tulifanya kazi kwenye mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa magogo, wavu katikati, taa mbele. Ubao wa chini wa mtumbwi wetu ulikuwa umeoza ubavuni, tukawa tunauziba kwa matambara na lami. Tulimwambia. Akaja ufukweni na viatu vyake vya ngozi, akaugusa ule ubao kwa ncha ya kiatu kama mtu anayeangalia embe bovu.

"Huu unamaliza giza hili," akasema. "Giza lijalo nitaleta fundi."

Giza ndiyo majira yetu, zile siku ambazo mwezi hauonekani na dagaa wanafuata taa. Giza lijalo lilipofika, mimi nilikuwa nimelazwa, na wenzangu walikuwa wamezikwa, mmoja wao bila mwili.

Ilikuwa mbele ya Ilagala, pale maji ya Malagarasi yanapoingia ziwani na kulivuruga. Upepo ulipokuja, ubao ulifunguka kama mlango wa mtu aliyekuwa akitungoja. Nilikumbatia dumu la mafuta, nikaelea nalo, mpaka watu wa Ilagala waliponiokota kumekucha. Sielezi zaidi ya hapo. Watu wanapenda nieleze zaidi, hasa wakati wa kula.

Mwenye mitumbwi alikuja msibani na mfuko wa sukari, akalia kuliko wafiwa. Akasema ziwa halina adabu. Ziwa, si ubao. Watu wakamshika mabega wakamwambia jikaze mzee, ni mipango ya Mungu. Hakuna aliyenishika mabega mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimepona.

Tangu hapo sikuingia majini tena. Wenzangu wanaoga ziwani, mimi naoga kwa beseni. Nikisimama karibu na maji mguu unajirudisha wenyewe. Ufukweni kwetu mwanamume asiyeingia majini na asiye na duka ni mtu wa nini? Nilisukuma mkokoteni sokoni Mwanga, mgongo ukakataa. Mwishowe nikaenda kuanika dagaa pamoja na wanawake, kwenye vichanja vya mama mkwe wangu.

Hapo nieleze kidogo, mgeni asije akapotea. Kwa namna tulivyolelewa sisi Waha, mkwe humtazami machoni, humpi mkono, hukai naye mkeka mmoja. Ukikutana naye njiani unaweka chini ulichoshika, unachuchumaa pembeni, unapiga makofi taratibu na kusalimia, na salamu zenyewe hazina haraka. Zaidi ya yote, humgeuzii makalio. Naye anakusitiri vilevile. Hasemi nawe moja kwa moja, na akikukuta kwenye kazi hakukatizi, anasimama pembeni mpaka umalize. Vijana wa siku hizi wanacheka. Wacheke, wengi wao hata wakwe hawana.

Sasa fanya kazi na mtu kama huyo kutwa nzima. Maneno yote yalipitia kwa mke wangu, aliyesimama katikati yetu na beseni.

"Mwambie mwenzio dagaa si mbolea," anasema mama mkwe, ameangalia pembeni. "Hawamwagwi."

"Umesikia?" mke wangu ananiuliza.

"Nimesikia. Mwambie mama nitajirekebisha."

"Anasema atajirekebisha."

"Ajirekebishe kabla jua halijaondoka."

Mke wangu asipokuwepo, mama mkwe alikuwa anaongea na kuku. "Wewe kuku," anasema, akitazama dagaa walivyoangukia, "kuna watu wanarushia bega. Bega ni la kubebea mzigo. Kurusha ni kiwiko kwanza, halafu kiganja kinamalizia." Kuku anadonoa zake. Mimi najifunza. Dagaa wabichi wakirushwa vizuri wanaondoka mkononi wametandazika kama kitambaa, kila mmoja analala peke yake kwenye chanja, na jua linamfikia pande zote. Wakirushwa vibaya wanaanguka bonge moja na kuoza. Unasimama ubavu, mkono unaanzia nyuma ya kifua chako, unaufyatua kwenda nje. Wanawake walinicheka msimu mzima. "Mvuvi kaolewa," walikuwa wakisema nikipita na kanga ya mke wangu begani kwa ajili ya jua. Msimu wa pili wakaacha. Mkono ulikuwa umekubali.

Mtuhumiwa wa pili ni mgeni. Alikuja kutoka nchi ya theluji kwa mambo ya visima, na jioni alikuwa hana la kufanya. Mtu mwema kabisa, na mimi nimegundua kuwa watu wema ndio wanaokupeleka mbali zaidi kabla hawajakuacha. Akaazima kipande cha mlima juu ya Ujiji, penye michikichi na mihogo, akasimamisha vikapu vyake. Minyororo aliinunua Mwanga kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka alipoona mtu ananunua minyororo ya kupigwa na sahani, akaona hapa pana maendeleo. Wiki hiyohiyo pakaundwa klabu, naye akawa mwenyekiti. Huyo mwenyekiti ndiye mtuhumiwa wa tatu, nitamfikia.

Mimi niliajiriwa kulinda vikapu. Mnyororo ukiachwa wazi karibu na watu wenye mitumbwi ya kufunga, hauwi mnyororo wako muda mrefu. Nilikaa na fimbo nikitazama watu wazima wakikosa kikapu. Siku moja kisahani cha mgeni kikapotelea kwenye mihogo karibu nami. Nikakiokota, na badala ya kumpelekea nikamrushia, kwa mkono wa kuanika. Kikapita katikati ya michikichi, kikamruka yeye kichwani, kikagonga minyororo, kikatulia ndani.

Mgeni akaja mbio. "Nani kakufundisha?"

"Mama mkwe."

Alicheka mpaka akashika magoti. Alidhani ni utani wa Kiha.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kwenye mashindano ya Kasulu nilishinda godoro, nikalibeba kichwani mpaka stendi. Mgeni akaniambia ukishapokea zawadi wewe si mchezaji wa ridhaa tena, wewe ni wa kulipwa, huwezi kurudi nyuma. Nikamuuliza, hata kama ni godoro? Akasema hata kama ni godoro. Tukaenda Bujumbura. Wenzangu walipanda boti, mimi nikazunguka kwa barabara nikifinywa na magunia ya muhogo. Nikatoka wa pili, nikapewa feni. Nyumbani kwetu wakati ule umeme haukuwepo.

Mke wangu aliizunguka ile feni, akaiangalia mbele na nyuma. "Basi," akasema, "tutaipepea sisi."

Lakini alikuwa akiniangalia tofauti, naona hivyo. Nilikuwa nimeanza kulala vizuri. Nilikuwa na kazi isiyo na maji, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ya waziri. Mama mkwe aliendelea na vichanja vyake. Mlimani hakuwahi kupanda, kwa sababu angenikuta kazini, na kunikuta kazini ni kunikatiza.

Kisha mgeni akatangaza kuwa visima vimeisha na yeye anarudi kwao. Kabla hajaondoka, chama chao cha visahani huko kitaajiri mtu mmoja, mwalimu wa visahani, azunguke mashuleni huku kwetu na nchi jirani, kwa mshahara wa kila mwezi. Atapatikana kwa mchujo, vikapu vyote vya mlimani, na atakayeshinda amechukua.

Wiki ileile mwenye mitumbwi akaja nyumbani. Viatu vile vile, au ndugu zake. Alikuwa na chombo kipya na mashine mpya.

"Nakuhitaji mzee mwenzangu," akasema. "Watu wazoefu wamekwisha."

Nikamwangalia. Nilitaka kumwuliza wamekwisha vipi. Mke wangu akawahi kumkaribisha chai.

Alipoondoka tulikaa na mke wangu uani. Si mwanamke mkali. Watoto walikuwa wanataka kula na vichanja vilikuwa vya mama yake, vyakula vyetu vyote vilikuwa vinatoka mkononi mwa mama yake, na hilo lilikuwa linamchoma.

"Ukishinda mlimani, sawa," akasema. "Sitalitaja ziwa tena mpaka nife."

"Nisiposhinda?"

"Giza likianza utapanda chombo."

Nikasema sawa. Ndiyo mkataba wenyewe. Kwa wengine ilikuwa kurusha sahani.

Asubuhi ya mchujo mke wangu alibaki ufukweni. Dagaa walikuwa wengi, na alisema mama yake ana shughuli mjini, vichanja haviwezi kubaki peke yake. Mimi nikapanda mlima. Nikamkuta mwenyekiti ameshafanya mambo. Njia ya chini, ile inayotoka ziwani na kupita chini ya mlima kwenda mjini, alikuwa ameizungushia kamba ili gari lake na la mgeni rasmi yapate pa kuegesha. Watu waliotoka ziwani na mizigo yao wakawa wanapanda juu na kukatiza katikati ya uwanja. Nikamwambia mwenyekiti watu watatupitia. Akasema, "Ndiyo maana ya mchezo wa wananchi."

Tena alikuwa amemleta mpwa wake. Kijana wa miwani ya jua na glavu ya mkono mmoja. Kurusha alikuwa anajua, simnyimi haki yake. Alikuwa na mdomo pia.

"Mzee baba," akaniambia, "leo tunakupumzisha."

"Mimi nimepumzika tangu Ilagala."

Hakuelewa. Akacheka tu ili asionekane mjinga.

Mgeni ndiye alikuwa mwamuzi, na saa mkononi. Kanuni zao zinasema ikifika zamu yako na mbele pakiwa wazi, una nusu dakika ya kurusha. Ukizidisha mara ya kwanza ni onyo. Ukizidisha tena unaongezewa mrusho mmoja kwenye hesabu yako, kama vile umeutupa bure. Sijui ni nani aliyeitunga. Ni mtu anayeishi mahali ambapo hapiti mtu.

Kwetu walipita. Tulikuwa hata nusu ya vikapu hatujafika, akatokea mzee aliyenifundisha Kurani, anapandisha na fimbo yake. Nikaweka kisahani chini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujambo? Watoto?"

"Hawajambo mwalimu."

"Na yule mbuzi wenu aliyevunjika mguu?"

"Alipona. Tukamla."

"Alhamdulillahi." Akasogea pembeni ya njia, akaegemea fimbo. "Na wewe unafanya nini na hiyo sahani?"

Ningemwacha bila kumjibu? Nikamweleza. Mwenyekiti akawa anagonga saa yake kwa kidole, akimwangalia mgeni. Mgeni akaja akanishika bega.

"Samahani, rafiki yangu. Njia ilikuwa wazi muda mrefu. Ni onyo."

"Nilikuwa namjibu mwalimu wangu."

"Najua. Mara ya pili ni mrusho."

Mpwa akamwambia mjomba wake, kwa sauti ya mimi kusikia, "Huyu aletewe mkeka kabisa."

Tukaendelea. Yeye ana nguvu, mimi nina kiganja. Anarusha mbali anaangukia kwenye mihogo, mimi narusha karibu naangukia kwenye njia. Tulipofika kikapu cha mwisho tulikuwa sawasawa. Kile kikapu kiko upande wa chini, ziwa lote likiwa nyuma yake, na mchikichi mmoja ubavuni. Tulirusha mrusho wa mbali, yeye na mimi, tukaangukia karibu. Uliobaki ulikuwa mrusho wa kumalizia. Zamu ikawa yangu. Pale nilipokuwa nimesimama, kikapu kile nilikuwa nimekipiga mara nyingi hata naweza kukipiga nikiongea na mtu. Niliiona ile kazi ya mashuleni. Nilijiona kwenye basi, barabarani, vumbi tupu, hakuna maji popote.

Akatokea mama mkwe.

Alikuja kwa chini, beseni kichwani, amejifunga kanga mpya. Akafika karibu na kikapu, akaniona. Nikaweka kisahani chini. Nikachuchumaa, nikapiga makofi.

"Mwakeye, mama."

Akashusha beseni, akageuza uso pembeni, akaitikia. Akauliza habari za nyumbani kwangu, ambako alilala jana yake. Nikamwambia wazima. Akauliza habari za watoto, ambao amewaogesha yeye. Nikamwambia wazima. Mgeni hakuhesabu, maana mama alikuwa kwenye njia ya kisahani. Mpaka hapo sina lawama.

Salamu zilipoisha mama mkwe akasogea chini ya ule mchikichi, kando ya kikapu, akasimama. Akasema kuuambia mti, "Watu waendelee na kazi zao. Mimi nitangoja."

Njia ikawa wazi. Saa ikaanza kuhesabu.

Nikaokota kisahani. Sasa sikiliza. Mkono wangu ni wa kuanika, ninaojua ni huo tu. Ili kisahani kitoke vizuri unajisokota, unakigeuzia kikapu mgongo, makalio yanaelekea kule kule unakorusha, ndipo unajifungua. Na kule ninakorusha, hatua chache kutoka kikapuni, amesimama mama wa mke wangu, macho wazi. Upo urushaji wa mkono wa mbele, kifua kikielekea kikapu, mpwa alikuwa anaujua. Mimi sikuwahi kujifunza. Dagaa hawaanikwi hivyo.

Nikangoja aondoke. Naye akangoja nimalize. Mimi siwezi kumgeuzia makalio, na yeye hawezi kumkatiza mkwewe aliye kazini. Tukasimama hivyo, watu wawili wenye adabu zao. Nilijaribu kujipinda nusu, nikahisi mwili mzima umejaa aibu, nikarudi. Nilimtazama mgeni nimweleze, lakini ungeanzia wapi, kwa Kiswahili gani, mbele ya mama mwenyewe?

"Rusha mzee," mpwa akasema. "Au umeganda?"

"Kanuni ni kanuni," mwenyekiti akamwambia mgeni. "Njia iko wazi. Mama wa watu kasimama pembeni kabisa."

Mgeni alinitazama kwa huzuni. Kisha akainua kidole kimoja. Mrusho mmoja.

Watu wakaanza kusemezana, na mama mkwe, alipoona wanaume wanabishana, akaona si mahali pake. Akalichukua beseni kwa mkono mmoja, akajitwisha, akashuka alikotoka. Alipopotea tu kwenye mihogo nikajisokota nikarusha. Minyororo ililia mpaka kule chini. Naye mpwa akaingiza wake. Nikashindwa kwa ule mrusho mmoja ambao sikuurusha.

Mwenyekiti alinipa mkono. Akasema la muhimu ni kushiriki. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu akiniuliza nani alinimaliza, nilijibu bila kufikiri. Ni ile kamba. Asingefunga njia ya chini kwa ajili ya gari lake, mama mkwe angepita zake chini kwenda mjini kwenye shughuli zake. Nimelisema hilo sokoni, nimelisema mbele ya duka lake, nimelisema kwenye harusi ya binti yake mpaka nikaletewa pilau ya pili ninyamaze.

Giza likaanza. Mwenye mitumbwi alinifuata ufukweni, chombo chake kipya kinacheza kwenye maji. Nilikuwa nimesimama mchangani na koti langu la zamani. Mguu ulikuwa umeshaanza kujirudisha. Mke wangu alikuwa kwenye vichanja, hanitazami. Mkataba ni mkataba.

Mama mkwe aliinuka. Akamwita binti yake, ingawa alikuwa karibu yake tu.

"Mwambie yule mwenye viatu kwamba mwenzio hana nafasi. Ana kazi."

Mke wangu akampelekea maneno.

"Kazi gani?" mwenye mitumbwi akauliza, akicheka.

"Anauliza kazi gani."

"Anaanika. Kichanja cha mwisho kule nimempa kiwe chake."

"Mama, kuanika ni kazi ya wanawake," mwenye mitumbwi akasema.

"Mwambie ni kweli," mama mkwe akasema. "Na kuzika ni ya wanaume. Wameshazika vya kutosha."

Mwenye mitumbwi aliinamisha kichwa. Akaangalia viatu vyake, vikiwa vimeanza kuingia maji, akaondoka. Kile chombo chake kipo mpaka leo. Ubao wake sijui, sijausogelea.

Basi ndiyo kazi yangu. Mpwa alifundisha visahani msimu mmoja, sasa anauza makava ya simu Mwanga, na akiniona ananiita kocha. Mgeni aliandika salamu mara mbili tatu. Mwenyekiti aliona maendeleo yamehamia kwingine, akairudisha minyororo dukani na kuiuza upya, labda kwa wenye mitumbwi. Kikapu kimoja tu kimebaki, kile cha mwisho, kwa sababu kiko chini sana na kukibeba ni taabu. Kwa kuwa sijarudisha godoro, na mama mkwe ananilipa kwa dagaa, mimi bado ni mchezaji wa kulipwa. Sikustaafu. Hakuna aliyeniambia.

Pale vichanjani makalio yalikuwa tatizo lilelile, na mama mkwe alilimaliza siku ya kwanza kabisa nilipoanza kuanika, kabla ya mambo ya mlimani. Nikichukua beseni la dagaa kuanza kurusha, anamwambia binti yake au kuku, yeyote aliye karibu, "Mimi naangalia ziwa." Anageuka. Narusha. Nikimaliza nakohoa, anageuka tena. Rahisi hivyo. Miaka inapita, yeye anaangalia ziwa na mimi naanika.

Mwezi huu wa jua kali, sijui nini kilinisukuma, nikamwambia mke wangu, "Hebu muulize mama. Siku ile mlimani si angeangalia tu ziwa? Lilikuwa pale pale nyuma yake."

Mke wangu akanitazama kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo tangu zamani. Akamuuliza.

Mama mkwe aliendelea kuchambua dagaa, anatoa majani, anatupa. Nikadhani hakusikia.

"Mwambie mwenzio," akasema, "ziwa naliona kila siku."

Nilisimama na beseni langu. Mke wangu akamalizia yeye mwenyewe, bila kutumwa. Shughuli ya mjini haikuwepo. Beseni la mama siku ile lilikuwa tupu, alilibeba ili asionekane mwanamke anayetembea tu. Ile kamba aliiona kwa mbali na haikumhusu, kwa sababu tangu alipotoka nyumbani alikuwa anakuja juu. Alitaka kuona mara moja kile kitu kinavyoingia, kwa kuwa ni yeye aliyefundisha ule mkono.

Kwa hiyo naye namtaja hapa, wa nne, mama mkwe, na sijui nimweke juu ya mwenyekiti au chini yake. Ile pilau ya pili nimeila bure.

Sasa jioni, dagaa wakishaanuliwa, napanda mpaka kwenye kile kikapu kimoja. Nimeanza kujifunza mkono wa mbele, ule wa kifua kuelekea kikapu, usiomgeuzia mtu chochote. Kwa umri wangu bega linalia. Visahani vinaenda kwenye mihogo ya watu, na mwenye mihogo ameshanitukana. Jana kimoja kiligusa minyororo kikatoka. Nimemwambia mke wangu amwambie mama kikapu bado kimesimama. Jibu halijaja. Ila leo asubuhi, watu wakiwa wamejaza mabeseni yao, la mama mkwe niliona limeegeshwa kando ya mlango, limeoshwa, halina kitu, kama siku ile.